Nyumba ya Kijivu kwenye Ramani

Nyumba ya akina Hruska ilipakwa rangi ya kijivu kwenye ramani, na kosa lote lilianzia hapo.

Ramani yenyewe ilikuwa ya mchezo. Wendell Hruska, kijana wa miaka ishirini na mitatu, na Bwana Orville Stahl, mzee mstaafu wa posta mwenye nyonga mbovu, walikuwa wakicheza vita vya mezani kila Jumamosi. Walikuwa na vipande vidogo vya kadibodi, kila kipande ni kikosi cha askari, na kete za kuamua nani amekufa na nani amepona. Walipochoshwa na ramani za dukani, zenye vijiji vya ng'ambo ambavyo hawajavitia machoni, wakachora yao wenyewe. Wakachora bonde lao hilo hilo la Pennsylvania, Barabara ya Kinu cha Zamani kuanzia darajani mpaka shambani kwa Gantz, wakatandaza juu yake vijumba vya pembe sita kama sega la nyuki.

Kisha wakatembea barabara nzima na penseli za rangi, wakizitazama nyumba moja moja kutoka nje. Ya mbao waliipaka kahawia, ya mawe kijivu. Maana katika mchezo wao askari hana usalama ila ule anaopewa na jengo. Akijificha kwenye nyumba ya mbao, anaongezewa pointi mbili za kinga kete zikirushwa. Kwenye nyumba ya mawe, tatu. Uwanjani hana kitu, anakufa kama inzi. Kanisa la Walutheri likawa la kijivu. Ghala la Gantz likawa kahawia. Nyumba ya akina Hruska, ambayo ukuta wa sebule yake kwa nje umejaa mawe mazuri toka chini hadi kwenye paa, ikawa ya kijivu.

Arlene, mama yake Wendell, aliwaona siku ile wamesimama barabarani wakiikodolea nyumba yake macho kama watu wanaotaka kuinunua. Hakuuliza. Vita vya karatasi havikumhusu. Yeye alikuwa na hofu zake za kweli: barafu barabarani, Emil mumewe na lori lake la kumwaga chumvi ya kuyeyusha barafu hiyo, jiko la kuni na cheche zake. Alikuwa mwanamke wa kutangaza hatari kabla haijavuka daraja. Vaa kofia. Umeangalia matairi? Usilale na mshumaa. Wendell alimpa jina, Kituo cha Hali ya Hewa. Kila alipofungua mdomo kuonya, kijana alikuwa akisema kwa sauti ya redio, "Na sasa tunaungana na Kituo cha Hali ya Hewa," na Emil akicheka, na Arlene naye akicheka kidogo ili asionekane amekasirika. Mtu akizoea kuchekwa hivyo, onyo lake linapungua nguvu hata kinywani mwake mwenyewe.

Jumamosi ya wiki ya Siku ya Shukrani, wachezaji wawili walikuwa wamekaa kwenye meza ya jikoni. Arlene alikuwa jikoni humo humo, akichemsha mifupa ya bata mzinga kupata supu. Nje bunduki zilikuwa zikilia bonde zima, karibu na mbali. Hakuna aliyeshtuka. Msimu wa kulungu ulikuwa unafunguliwa Jumatatu, na Jumamosi kama ile kila mwenye bunduki huitoa kabatini akarekebisha shabaha yake, ajue inapiga pale anapolenga. Emil alikwisha kufanya yake juzi, kabla ya kwenda zamu.

"Mzee, unaishambulia nyumba yangu tena?" Wendell akauliza.

"Mpaka iinue mikono," akasema Orville.

"Haiinui. Mawe hayo. Niongezee tatu."

Orville akarusha kete, akazitazama, akakiondoa kikosi chake mezani kwa kidole kimoja kama anayefuta makombo. "Nyumba hii imenilia jeshi zima tangu kiangazi. Arlene, hebu sema, mliijenga na nini?"

"Na kelele za Emil," akasema Arlene bila kugeuka.

Wakacheka wote watatu. Lau angelijibu swali lile kama lilivyoulizwa, labda haya yasingeandikwa. Lakini ni nani anayejibu swali la mchezo kwa uzito, mwiko uko mkononi na supu inataka kufurika?

Kitu kikapiga ukuta kama nyundo. Bakuli la mayai yaliyolowekwa kwenye siki lililokuwa rafuni likapasuka, siki ikamwagika juu ya ramani. Mlio wenyewe ukafuata nyuma, mfupi na mkavu. Kwa muda, wote watatu walibaki wakitazama rafu, kila mmoja akidhani bakuli limejivunjikia lenyewe. Halafu mlango wa friji ukatoboka mbele ya macho yao.

"Chini," akasema Orville. "Chini, chini, lala chini."

Arlene akajikuta sakafuni, shavu kwenye vigae, bila kukumbuka alivyofika. Orville naye alikuwa amejiangusha na nyonga yake, anatoa sauti kama ya mtu anayeinua gunia. Risasi nyingine ikapita ukutani juu yao, ikaacha tundu dogo ambalo mwanga wa nje ulipenya kama sindano.

Nyumba ile haikuwa na chumba cha chini kama nyumba nyingine za bonde. Ilikaa juu ya zege tupu. Mlango wa mbele ulitazama barabara, na risasi zilikuwa zinatoka huko huko. Mlango wa nyuma ulikuwa jikoni, lakini Emil alikuwa ameuzibia baridi kwa nailoni, kisha akasukuma mbele yake friji kubwa la kulaza nyama ya kulungu, kama anavyofanya kila mwaka. Simu ilikuwa ukutani jikoni, chini ya dirisha la mbele. Za mkononi hazikushika mtandao bondeni mle mpaka mtu apande kilimani. Arlene alivipitia vyote hivyo kichwani mara moja, mlango, mlango, simu, simu, na kila alipogusa palikuwa pamefungwa.

"Kwenye korido," akamwambia Orville. "Nyuma ya dohani."

Dohani ya jiko la kuni ilisimama katikati ya nyumba, ya matofali ya zamani, pana kuliko mtu. Wakajiburuza mpaka nyuma yake, Arlene akimvuta mzee kwa mkanda wa suruali. Alipogeuka kuangalia kama Wendell anafuata, hakumwona. Kijana alikuwa amekwenda upande mwingine. Alikuwa ametambaa mpaka sebuleni, akajipanga chini ya dirisha, mgongo ameuegemeza kwenye ukuta wa mbele, magoti kifuani. Na alikuwa ametulia. Hilo ndilo lililomtisha Arlene kuliko risasi. Uso wa mwanawe ulikuwa uso wa mtu aliyefika nyumbani.

"Wendell, njoo huku."

"Huku ndiko kwenye kinga, Mama. Ninyi ndio mje. Hapo mlipo mko uwanjani."

"Tuko nyuma ya dohani."

"Dohani haimo hata kwenye ramani." Akajaribu kutabasamu. "Huu ni ukuta wa mawe. Kaeni nyuma ya mawe, kila mtu anajua."

Bunduki ikanyamaza. Kimya kile kilikuwa kibaya vilevile, maana hakikusema kitadumu kiasi gani. Supu ilikuwa ikichemka jikoni, inatokota kama kwamba hakuna kilichotokea. Arlene akainua kichwa kidogo kutoka zuliani.

"Wendell, nisikilize. Hayo si mawe."

"Si mawe ni nini, jibini?"

"Ni mawe ya kubandika. Baba yako alileta mafundi, walikuja nayo kwenye maboksi. Mtu mmoja alibeba boksi zima begani huku anapiga mluzi. Wakayagandisha kwa gundi ya saruji kama vigae vya bafuni. Hayazidi unene wa kipande cha mkate. Nyuma yake ni mbao ile ile ya jikoni, na pamba ya kuzuia baridi, na bodi nyembamba ya jipsamu. Basi. Hakuna kingine."

"Mimi nilikuwa wapi?"

"Kambi ya shule. Uliporudi ukasema nyumba imekuwa kama ngome, baba yako akafurahi, nikanyamaza."

Wendell akamtazama Orville, si mama yake. "Mzee, mwambie."

Orville alikuwa amelala ubavu, mkono kwenye nyonga, jasho linamtiririka na baridi yote ile. "Tuliiweka kijivu," akasema. Akafikiri. "Arlene, una hakika? Maana kwa nje ile ni mawe kabisa."

"Mliiangalia kutoka barabarani."

"Tuliziangalia zote kutoka barabarani," akasema Orville, na sauti yake ikashuka alipolisikia neno lake mwenyewe. "Kijana, hebu njoo huku."

"Na nikivuka hapo katikati mbele ya dirisha?" Wendell akasema. "Ndivyo watu wanavyokufa, Mzee, wewe ndiye uliyenifundisha. Mtu anaacha kinga nzuri kutafuta nyingine, anapigwa njiani. Mara ngapi umenipiga hivyo? Mimi sitoki."

Hapo Arlene akaona jinsi walivyonaswa. Dirisha la chumba cha kulala, nyuma ya nyumba, lilikuwa njia kwake. Angeweza kutambaa, akalifungua, akajitumbukiza kwenye theluji, akawa salama. Lakini Orville hakuweza kupanda dirisha, na mwanawe alikuwa amejifungia nyuma ya ukuta usiokuwepo, na alikuwa na sababu zake nzuri, na kila sababu ilikuwa ya kweli isipokuwa ile moja iliyobeba nyingine zote.

"Gonga," akamwambia. "Gonga huo ukuta kwa kidole chako."

"Kwa ndani kila ukuta hulia kama mtupu, Mama."

"Gonga tu."

Akagonga. Ukuta ukalia kama boksi tupu la viatu. Akagonga tena, mbele kidogo, halafu juu, akasikiliza ameinamisha kichwa. Arlene aliuona ule utulivu unamtoka usoni kidogo kidogo, kama maji yanayotoka kwenye sinki. Alikuwa amefungua mdomo aseme neno, na pengine neno lenyewe lilikuwa "nakuja," wakati bunduki iliporudi.

Ya kwanza ilivunja kioo. Ya pili Arlene hakuisikia kwa masikio. Aliona tu jipsamu ya ukuta inachanua kama ua jeupe kando ya shingo ya mwanawe, na mwanawe akasukumwa mbele, kama aliyepigwa kofi la mgongo na rafiki.

"Mama," akasema. "Imepita."

Alilisema kwa mshangao, kama anayemwonyesha mtu kitu cha ajabu. Kisha akalala ubavu kwenye zulia, na begani kwake, chini ya mfupa wa shingo, shati la kijani likaanza kuwa jeusi.

Watu wanasema mama huwa hafikiri wakati kama ule, anakimbia tu. Si kweli. Arlene alifikiri. Aliona mlango wa sebule ulivyotazamana na dirisha lililovunjika. Aliona kwamba asimame asisimame, atapita mbele ya dirisha. Aliona ukuta wa jikoni ulivyotobolewa, akajua hakuna mahali pa kupita palipo nyuma ya kitu. Alifikiri yote hayo na aliogopa kila moja, na huku tumbo lake tayari linasugua zulia.

"Usije," akasema Wendell. "Mama, rudi."

"Nyamaza, mwanangu."

Risasi nyingine ikapita juu, ikatua kwenye kabati la vyombo. Vipande vya sahani vikamwangukia nywelani. Akafika. Hakujaribu kumwinua. Zulia la sebule lilikuwa juu ya sakafu ya mbao, limelainika kwa miaka, na Wendell alikuwa amelala ukingoni mwake. Akakunja ncha ya zulia kwenye viganja vyote viwili, akajigeuza, akaegemeza visigino kwenye mguu wa kochi, akavuta. Halikusogea. Akavuta tena, akaguna kama mnyama, likateleza.

"Lete hapa," Orville akawa anasema kutoka koridoni, mkono ameunyoosha, kama kwamba urefu wa mkono ungetosha. "Lete hapa, lete."

Alimvuta mtoto wake kwenye zulia lile kama watoto wanavyovutana kwenye theluji. Mzee akashika ncha ya pili. Wakamwingiza nyuma ya dohani, na Arlene akaweka kiganja kwenye matofali yale, akayakandamiza, kama mtu anayemgusa ng'ombe ubavuni kujua kama yupo.

Bunduki ikanyamaza tena.

Orville alikwisha kuvua sweta lake, amelibana begani kwa Wendell kwa mikono miwili. "Anahema vizuri," akasema. "Unanisikia, jenerali? Nikupe tatu, au nne?"

"Usinipe kitu," Wendell akasema kwa meno yaliyobana.

Arlene alikuwa anasikiliza nje. Milio kadhaa, halafu kimya kirefu. Milio kadhaa, halafu kimya. Aliujua mpangilio ule. Ameolewa na mtu anayefanya hivyo kila mwaka: anapiga, anaweka bunduki chini, anatembea mpaka kwenye shabaha kuangalia amepiga wapi, anarudi, anageuza skrubu ya darubini ya bunduki, anapiga tena. Huyu hakuwa mwendawazimu. Hakuwa hata na hasira. Alikuwa mtu anayefanya kazi yake kwa uangalifu, na kila akizidi uangalifu ndivyo atakavyozidi kupiga pale pale.

"Sasa hivi anatembea," akamwambia Orville. "Ameiweka bunduki chini. Bana hapo, usiachie."

"Unakwenda wapi?"

"Kwenye gari."

Akatoka kwa dirisha la chumba cha kulala na soksi, bila viatu. Theluji ilikuwa nyembamba, imeganda juu, ikamkata nyayo. Gari lilikuwa ubavuni mwa nyumba. Akafungua mlango, akajilaza kwenye kiti, akabana honi kwa viwiko vyote viwili. Hakuachia. Honi ililia bonde zima, sauti moja isiyopumua, mpaka mbwa wa akina Gantz wakaanza kubweka, mpaka mikono yake ikafa ganzi, na bado hakuachia. Macho alikuwa ameyafumba. Alikuwa anasubiri kioo cha gari kivunjike.

Aliyefika alikuja mbio, kofia ya wawindaji ya rangi ya machungwa mkononi, akiteleza kwenye mteremko. Alikuwa Royce Gantz, jirani yao wa miaka yote, ambaye ng'ombe wake Arlene aliwahi kumsaidia kuzalisha. Alisimama mbele ya nyumba, akaona dirisha. Akaona mawe mawili yamebanduka ukutani yamelala kwenye theluji, mepesi, yamevunjika kama biskuti.

Arlene akashuka garini. "Umempiga Wendell."

Royce aliingia kwa mlango wa mbele, akauona mkokoto wa damu kwenye sakafu, akaenda moja kwa moja kwenye simu ya jikoni. Akakosea namba, ikabidi Arlene amshikie simu apige tena. Gari la wagonjwa liliposemekana liko njiani, ndipo akasema, kofia bado ameikamata.

"Upande wa kilimani, ninakolenga kila mwaka, kumejaa matope mwaka huu. Nikaweka shabaha mbele ya rundo la kuni. Nilifikiri kuni zitazuia. Nikajua ninyi mko chini kule nyuma ya miti. Nikasema hata moja ikiponyoka..." Akatazama ukuta wa sebule kwa ndani, lile ua la jipsamu, tundu katikati. "Nikasema nyumba ya Emil ni ya mawe."

Orville, koridoni, mikono imejaa damu, alifumba macho.

Wendell alipona. Madaktari walisema risasi ilikuwa imechoka kwa kupita kote ilikopita, na ndiyo maana haikuvunja mfupa mkubwa. Baadhi ya watu wa bonde waliyachukua maneno hayo wakasema, mnaona, ukuta ulisaidia. Arlene aliyasikia kanisani, akaacha kahawa yake, akatoka nje. Mkono wa kulia wa kijana haupandi tena juu ya bega. Kuchana nywele anatumia wa kushoto.

Emil aliibandua ile mbele ya nyumba peke yake, jiwe moja moja, kwa patasi, bila kusema na mtu. Yeye ndiye aliyeitaka. Aliitaka ipendeze.

Na Arlene akaanza kutembea. Alikuwa anavaa koti na kofia, anaanza darajani, anagonga mlango wa kila nyumba. Wakimfungulia, anaomba kuuona ukuta wa mbele. Anaugonga kwa kidole, ndani na nje, anauliza nani aliujenga, lini, kuna nini katikati. Wengine walimkaribisha na kahawa. Wengine walimcheka akiwa bado barazani. Mzee mmoja alimwambia yeye ameishi nyumba ya matofali toka azaliwe. Arlene akamwonyesha pembeni mwa dirisha, matofali yalipoishia na ubao ulipoanza, na mzee akamfungia mlango.

"Watu watasema umerukwa na akili," Wendell alimwambia jioni moja, akimsaidia kuvua viatu kwa mkono wake mzuri.

"Waseme."

"Nitakusindikiza kesho." Akaweka viatu karibu na jiko. "Wewe gonga, mimi nitavua shati. Wakiliona bega watasikiliza."

Hakusema kwa sauti ya redio. Arlene alisubiri sauti ile kidogo, haikuja.

Kesho yake walikwenda pamoja. Nyumba ya mwisho kabla ya kurudi kupika ilikuwa ya Marit Oberg, mwanamke kijana aliyehamia bondeni masika, mume wake yuko kwenye mitambo ya gesi, naye ana mtoto anayeanza kutembea. Nyumba ilikuwa na matofali mekundu kwa mbele, mazuri, yamepangwa sawa. Kitanda cha mtoto kilikuwa chumbani, kimeegemezwa kwenye ukuta ule ule.

"Msimu umekwisha, Bi Arlene," Marit akasema. Alikuwa anatabasamu, lakini amemchukua mtoto kutoka sakafuni.

"Utarudi."

"Na Bwana Gantz hatarudia, sidhani."

"Gantz hatarudia," akasema Arlene. "Wako wengine, na kila mmoja ana kitu anachofikiri kitazuia."

Akaingia chumbani, akapiga magoti, akagonga ukuta juu ya kitanda. Marit akausikia. Wendell naye akausikia, akageuza uso. Hakuna aliyehitaji kuvua shati. Marit akamkabidhi Wendell mtoto, na Wendell akampokea kwa mkono wa kushoto, akamweka kwenye bega lisilouma.

"Tukipeleke wapi?" Marit akauliza, ameshika kitanda upande mmoja.

"Ukuta wa ndani, kule nyuma ya jiko," Arlene akasema, akishika upande wa pili. "Na kichwa chake kielekee kwenye matofali ya dohani. Hebu kwanza niyagonge."